Mtalii Hurudi, Mwenyeji Huulizwa

Watu wa mjini wakisikia neno mpaka hufikiria geti, bendera na askari. Kwetu Ololosokwan, kaskazini mwa Wilaya ya Ngorongoro, mpaka ni nguzo zilizosimama mbalimbali katika nyasi, na ng'ombe hujikuna juu yake. Upande huu ni Tanzania, upande ule ni Narok, Kenya. Wapurko wako huku na Wapurko wako kule. Wanaoana, wanazikana, na mwaka wa ukame wanagawana maji.

Nilipotoka chuo cha ualimu nilipewa kufundisha Jiografia, na kila mwaka nilichora ubaoni mstari wa mpaka huo. Niliwaeleza watoto kwamba mwaka 1886 Wajerumani na Waingereza waligawana nchi hizi kwa mstari ulioanzia mdomo wa mto Umba kule pwani, ukapindishwa kuuzunguka mlima Kilimanjaro, kisha ukanyooshwa hadi Ziwa Victoria. Kila mwaka mtoto mmoja aliuliza kwa nini mstari ulipindishwa Kilimanjaro na haukupindishwa kwetu. Nilijibu kwamba kwetu hapakuwa na mlima wa kugombewa, palikuwa na watu na ng'ombe tu.

Katika sura hii nataka kusema jambo moja. Serikali zetu zimemwandikia mtalii kanuni ya kutoka na kurudi, kanuni iliyo wazi na yenye bei. Mkazi wa mpakani, anayetoka na kurudi tangu kabla ya nguzo zile kusimikwa, hakuandikiwa kanuni inayomfaa. Nasema hiyo si haki, na tena si busara.

Tuanze na mgeni. Mtalii wa nchi nyingi akitaka kuingia Tanzania hulipa dola 50 za viza na kupewa siku zisizozidi 90. Mmarekani hulipa dola 100, lakini yake humruhusu kuingia zaidi ya mara moja. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilianzisha viza moja ya pamoja ya utalii kwa dola 100, siku 90, na mwenye nayo huzunguka katika nchi hizo tatu atakavyo. Tanzania haikujiunga. Na kabla ya hapo, kwa miaka mingi, Kenya ilikuwa na kanuni kwamba mgeni mwenye viza ya kuingia mara moja akienda Tanzania au Uganda na kurudi halipi viza nyingine, mradi hakutoka nje ya nchi hizi na siku zake hazijaisha. Tazama busara iliyo ndani ya kanuni hiyo. Inakiri kwamba mtu aliyevuka kwa jirani kwa siku chache hakuhama. Ametoka, atarudi, na kurudi kwake si kosa.

Wapo pia wageni wajanja. Siku zao 90 zikikaribia kwisha, huvuka mpaka, hulala ng'ambo siku mbili tatu, hurudi na kuomba wagongewe siku nyingine 90. Afisa anaweza kuwakatalia, na mara nyingine huwakatalia. Lakini hata huyo mjanja anaitwa mtalii. Hakuna amwulizaye babu yake alizikwa wapi.

Sina chuki na watalii. Geti la Klein la Hifadhi ya Serengeti liko jirani nasi, magari yao yanapita mbele yetu, na wapo vijana wetu wanaokula kwa kazi za utalii. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi nauliza tu, mwenyeji atapona lini?

Sasa tuje kwa mwenyeji. Nilikuwa mwalimu kijana Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa inavunjika na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Kabla ya hapo magari ya watalii kutoka Nairobi yalikuwa yakipita Maasai Mara, yakavuka Bologonja na kuingia Serengeti. Njia ile ikafungwa. Mpaka ulifunguliwa tena mwaka 1983, lakini Bologonja haikurudishwa kuwa njia ya watalii. Hadi leo mtalii anayetoka Mara kwenda Serengeti, mbuga mbili zinazogusana, huruka kwa ndege ndogo hadi Migori, hupanda gari na kugongewa mhuri Isebania na Sirari, kisha huruka tena kutoka Tarime. Wenye makampuni ya utalii wana mabishano yao juu ya Bologonja, siyaingilii. Nataka tu msomaji aone kwamba alipofungiwa mlango, mtalii alitafutiwa mlango mwingine, na mlango huo una ofisi.

Na sisi? Sisi tulibaki na zile zinazoitwa njia za panya. Mimi silipendi jina hilo. Njia ambayo mama yangu alipita kwenda kwa wazazi wake haikuwa ya panya.

Kwa maandishi, mambo ni mazuri. Jumuiya mpya ilizaliwa kwa mkataba uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, na Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Mtanzania hahitaji viza kuingia Kenya, wala Mkenya hahitaji viza kuingia kwetu. Lakini hiyo itifaki inadhani kwamba kila raia ana hati ya kusafiria na anaishi karibu na kituo. Tangu mwaka 2014 Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanavuka kwa kitambulisho cha taifa baina ya nchi zao. Mtanzania hutakiwa awe na pasipoti au hati ya muda. Na vituo vinavyojulikana kwa kila msafiri ni Namanga upande wa mashariki na Sirari upande wa magharibi, ng'ambo ya Serengeti. Namanga ina jengo zuri la pamoja, lililozinduliwa mwaka 2018. Mchungaji wa Ololosokwan ambaye ng'ombe wake wananusa maji ya ng'ambo, umwambie asafiri kutwa nzima na zaidi mpaka Namanga akagongewe mhuri, kisha arudi kutwa nzima na zaidi awafuate ng'ombe? Hatakwenda. Atavuka hapo hapo alipo, na kuanzia dakika hiyo sheria inamwona mkosaji.

Nitatoa ushahidi, na ushahidi wenyewe unanihukumu mimi kwanza.

Mwaka 1984 ukame ulikuwa mkali. Kulikuwa na mvulana wa darasa la tano, mwepesi wa hesabu, ambaye jamaa yake walivuka na mifugo kwenda kwa wajomba zake upande wa Kenya. Wiki ya kwanza niliandika utoro katika rejesta. Wiki ya pili hivyo hivyo. Ilipopita miezi miwili, na ripoti ya mwisho wa muhula ikatakiwa, nilichukua kalamu ya wino mwekundu, nikakata jina lake na kuandika pembeni: "Amehamia Kenya." Nilifanya hivyo ili hesabu ya mahudhurio ikae vizuri. Mvua iliponyesha walirudi, lakini mtoto hakurudi shuleni. Aliona haya kukaa na wadogo zake, nami sikumfuata.

Miaka zaidi ya 30 ikapita. Akaja nyumbani kwangu mzee mwenye mvi chache, akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Alikuwa anaandikishwa kitambulisho cha taifa. Katika wilaya za mpakani mwombaji huulizwa maswali mengi kuliko mtu wa Dodoma au Morogoro. Cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho, maana alizaliwa bomani. Cheti cha darasa la saba hakuwa nacho, maana hakufika. Ofisi moja ikamwambia alete uthibitisho wa shule. Rejesta ya zamani ikatafutwa, ikapatikana, ikafunguliwa. Yakasomwa maandishi yangu.

Nilikwenda naye mwenyewe. Nilieleza kwamba namjua tangu mtoto, baba yake namjua, na maneno yale niliyaandika kwa haraka bila kuuliza. Afisa alikuwa kijana mwenye adabu. Aliniambia, "Mzee, barua yako ni ya leo, rejesta ni ya mwaka 1984. Kumbukumbu ya wakati ule ina nguzo zaidi kuliko ya leo." Sikuwa na la kujibu, kwa sababu ndivyo nilivyowafundisha wanafunzi wangu wa historia.

Tulipokuwa njiani kurudi yule bwana aliniambia, "Mwalimu, mimi sikuhama. Nilifuata ng'ombe, nikarudi nao." Hadi ninapoandika haya bado anaambiwa asubiri.

Msomaji asidhani hilo ni la mtu mmoja na la karatasi tu. Mwezi Juni 2022, wakati eneo la kilomita za mraba 1,500 la Loliondo lilipowekewa alama za mpaka ili litengwe kwa wanyamapori, kulitokea mapambano. Askari polisi mmoja aliuawa, wananchi wakajeruhiwa, na wengi wakakimbilia Narok kutafuta matibabu na mahali pa kulala. Siku hizo hizo serikali iliendesha msako wa wahamiaji haramu Loliondo. Sitaki kufungua hapa shauri la ardhi. Lina mahali pake. Nasema juu ya kuvuka tu. Aliyekimbilia kwa dada yake ng'ambo akiwa na jeraha, alipona, akataka kurudi kwake. Arudi kwa mhuri gani? Na akikutwa njiani, athibitishe vipi kwamba anarudi na si kwamba anaingia?

Najua majibu yatakayotolewa. La kwanza ni usalama: kuna wezi wa mifugo, majangili na wenye silaha. Ni kweli wapo. Lakini mwizi hupenda njia isiyo na kumbukumbu. Leo mwizi na mtu anayekwenda kumzika shangazi yake wanapita njia moja, usiku mmoja, wote bila karatasi. Mpe yule mfiwa karatasi na mlango, naye mwizi atabaki peke yake gizani. Hapo askari atajua amfuate nani.

La pili ni magonjwa ya mifugo. Hilo nalo ni kweli. Homa ya mapafu ya ng'ombe haiulizi uraia. Lakini ng'ombe anayevuka kwa siri hachanjwi wala hahesabiwi. Anayevuka kwa kibali hupimwa.

La tatu ndilo lenye nguvu, nami sitalikwepa. Husemwa kwamba wapo wenzetu wenye vitambulisho viwili, cha huku na cha kule, wanaopiga kura pande zote. Wapo. Sheria ya Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na sheria ifuatwe. Ila tujiulize kilichowafundisha watu hao. Mtu ambaye njia ya kurudi nyumbani haina uhakika hujiwekea nyumba mbili. Ukimhakikishia njia ya kurudi, sababu yake imepungua nusu.

Wala hili ninalolidai si ndoto ya mzee. Jumuiya ya Uchumi ya Afrika Magharibi, ECOWAS, ilikubaliana tangu mwaka 1998 juu ya cheti cha kimataifa cha mfugaji anayehama na mifugo kuvuka mipaka. Utekelezaji wake una matatizo mengi, lakini angalau mfugaji wa huko ametajwa katika sheria kama msafiri. Nchi za IGAD, ambamo Kenya na Uganda wamo, ziliidhinisha itifaki yao ya ufugaji wa kuhamahama mwaka 2020. Sisi si wanachama wa IGAD. Basi tuiandike yetu katika Jumuiya yetu, ambayo makao yake makuu yako Arusha, mkoa huu huu wetu.

Nadai mambo matatu, na yote ni madogo. Kwanza, iwepo hati ya mkazi wa mpakani, itolewe kijijini na kutambuliwa na pande zote mbili, yenye picha, umbali na idadi ya siku. Siku 90 alizopewa mtalii zinatosha kabisa; ukame ukizidi hapo tutaomba nyongeza kama yeye. Pili, liwepo dawati la uhamiaji karibu na njia tunazopita kweli, hata kama ni chumba kimoja chenye meza, mhuri na daftari. Tatu, itamkwe kwa maandishi kwamba kuvuka kwa ajili ya malisho, maji, hospitali au msiba si ushahidi wa kuhama, wala kisitumike kumnyima mtu uraia wake.

Kwa walimu walio kazini katika vijiji vya mpakani nina ombi la pekee. Mtoto akikosekana wakati wa kiangazi, mwende bomani mkaulize. Kama wamefuata maji, andikeni wamefuata maji. Kalamu nyekundu haina haraka. Mimi niliharakisha, na mpaka sasa kuna mtu anayetembea kutoka ofisi hadi ofisi akiomba arudishwe nchini mwake, naye hajapata kuihama.