Mashindano ya geji yatatumaliza

Poleni kwa ukimya, kazi za huku Muscat zimenibana. Leo nina dukuduku.

Mnajua Ijumaa huenda kupiga mbizi na wenzangu. Tukisharudi kwenye boti kila mtu anaangalia geji ya mtungi wake, na aliyebakisha hewa nyingi ndiye bingwa. Basi mwezi uliopita na mie nikautaka ubingwa. Mita 20 chini, nikawa navuta pumzi naizuia, navuta naizuia. Punde kichwa kikaanza kugonga, pumzi zikawa fupi fupi, nikahamanika! Nikataka kukitema kidude cha kupumulia nikimbilie juu. Mwenzangu akanishika mkono, akaniashiria: tulia, toa pumzi. Nilipotulia nikatazama geji. Mtungi ulikuwa na zaidi ya nusu!

Jamani, hewa ilikuwepo. Kinachotufanya tutapetape hasa si oksijeni kupungua, ni kaboni dayoksaidi kujaa mwilini kwa kuwa hatuitoi. Na mita 20 chini, hewa unayovuta ni nzito mara 3 kuliko ya juu, kwa hiyo kupumua kwenyewe ni kazi.

Msidhani ni mambo ya wanagenzi. David Shaw, rubani wa Australia na mzamiaji hodari, alifariki mwaka 2005 kwenye shimo la Boesmansgat, Afrika Kusini, kina cha mita 270 hivi, akijaribu kuutoa mwili wa mzamiaji mwenzake. Kifaa chake kilikuwa tofauti na mitungi yetu, lakini kilichomzidi ni kaboni dayoksaidi hiyo hiyo.

Msimamo wangu: tuyaache haya mashindano. Watu watasema kutumia hewa kidogo ndiyo ustadi. Sawa, ila mstadi hutumia kidogo kwa sababu ametulia, si kwa ubahili wa pumzi.

Binamu yangu wa Nungwi, nasikia umeanza kozi. Moyo ukienda mbio, acha kupiga mapezi, shika kamba, toa pumzi ndefu. Hali isipotulia, mwashirie mwenzako mpande taratibu. Kupanda mapema si aibu. Wakikucheka, waache wacheke, nawe uwepo uwasikie.

Mama, usihamanike na wewe, mie mzima.

Wasalaam.