Kusikiliza Wimbo wa Jirani Si Kuiacha Dini Yako



Wiki iliyopita nilipanda teksi kutoka Jinja kwenda Mbale. (Teksi kwetu Uganda ni lile gari ambalo Mkenya huliita matatu na Mtanzania daladala.) Kabla hatujafika Iganga, redio ilikuwa imekwisha kutupigia pambio la walokole, kisha kadongo kamu, yaani mwimbaji na gitaa lake moja, akiwakumbusha walimwengu kuwa kifo hakibishi hodi. Ikafuata kaswida. Hapo abiria mmoja akamtaka dereva aizime. "Hatukupanda gari ili tusilimishwe," alisema. Dereva akatii, na kimya kikatusindikiza hadi Tirinyi.

Abiria yule alikosea. Nami, mwalimu wa uraia, nilikosea zaidi kwa kunyamaza.

Mbale tuliyokuwa tukiiendea inajua vizuri gharama ya kuzimiwa sauti. Kwenye kilima cha Nabugoye wanaishi Abayudaya, jamii iliyoanza kufuata dini ya Kiyahudi mwaka 1919 chini ya Semei Kakungulu. Idi Amin aliipiga marufuku dini hiyo, wakawa wakisali kwa siri mpaka utawala wake ulipoanguka mwaka 1979. Baadaye vijana wao walizitungia zaburi na sala mahadhi mapya ya Kiafrika, kwa Kiebrania na kwa Kiganda. Albamu ya nyimbo zao iliyotolewa mwaka 2003 iliteuliwa kuwania tuzo ya Grammy.

Lakini kinachonigusa zaidi ni kahawa. Mwaka 2004 J. J. Keki, Myahudi wa huko na mwanamuziki, aliwaendea majirani zake Wakristo na Waislamu, wakaanzisha ushirika wa wakulima uitwao Mirembe Kawomera, maana yake amani tamu. Wakulima hao wakaanza kutunga nyimbo, hawa kwa magitaa, wale kwa kwaya za akina mama na ngoma: nyimbo za kuwahimiza wenzao wajiunge, za kuitunza kahawa, za kuisifu amani baina ya dini. Hakuna aliyetakiwa abadili dini ndipo kahawa yake ipimwe.

Ibara ya 29 ya Katiba yetu ya mwaka 1995 inampa kila mtu uhuru wa kuifuata na kuidhihirisha dini yake. Wengi wetu tunaisoma kana kwamba iliandikwa kwa ajili yetu peke yetu. Lugha tunayojifunza hapa ina upana kuliko sisi: Mungu ni neno lile lile kanisani na msikitini, na imani, pamoja na kuwa itikadi ya moyo, ni huruma pia. Mtu asiyemwonea mwenzake huruma, Mswahili humwita hana imani, hata akiwa hakosi ibada.

Hata hivyo, kusikiliza ni jambo moja na kulazimishwa kuimba ni jingine kabisa. Katika shule moja niliyopata kufundisha, mtoto wa Kiislamu alichapwa kwa kufumba mdomo wakati wenzake wakiimba wimbo wa kanisa kwenye paredi ya asubuhi. Nilipolalamika, mwalimu mwenzangu alinijibu kwamba ule ulikuwa wimbo tu. Ikiwa ulikuwa wimbo tu, fimbo ilikuwa ya nini? Anayesikia anaweza kukubali, kukataa, au kuwaza chakula cha mchana. Anayeimba ametamka kwa ulimi wake. Ndiyo maana yule abiria hakuwa na dai dhidi ya redio, bali mtoto yule alikuwa na dai zito dhidi yetu sote tuliosimama pale.

Jumatatu mje darasani na wimbo mmoja wa dini isiyo yenu, wa aina yoyote ya muziki, mtueleze maneno yake kwa Kiswahili sanifu. Hatutauimba. Asiyetaka ataketi na kusikiliza, au atatoka nje kidogo, wala sitamwuliza sababu.