Tezi la shingo: shindano la chanjo halina kosa



Kuna neno linalotembea kati ya Vitshumbi na kambi yetu. Linapanda pamoja na mizigo ya samaki wa chumvi, linapita sokoni, halafu linaingia jikoni: eti wanawake waliopigwa shindano la chanjo ndio wanaovimba shingo, na mama mwenye akili afiche watoto wake siku ya chanjo. Wengi kati yetu wana jamaa kule kwa wavuvi, kwa hiyo neno hilo linasikilizwa. Tena, tangu Ebola ya mwaka 2018 hadi 2020, mashindano mengi yamefika Kivu ya Kaskazini: la Ebola, la surua, la korona. Si ajabu watu wakiuliza. Swali si la kijinga, na mtu wa afya anayemfokea mama kwa sababu ameuliza anaharibu kazi yetu sote.

Tezi ni kiungo kidogo kilichokaa mbele ya shingo, kwa umbo la kipepeo. Kinatengeneza maji maalumu yanayoingia katika damu na kuamuru mwendo wa moyo, joto la mwili na nguvu za kazi, pia ukuaji wa akili ya mtoto tangu angali tumboni. Mfikirieni fundi anayeshika valvu ya mashine ya upepo. Akiifungua mno, mashine inakwenda mbio hadi kuharibika. Akiifunga mno, inalegea.

Mwili una askari wake wa kupigana na vijidudu. Kwa watu wengine askari hao hukosea na kulishambulia tezi la mwenyewe. Wakilibomoa polepole, nguvu zinapungua: huo ni ugonjwa wa Hashimoto, uliopewa jina la daktari Mjapani aliyeandika habari za wanawake 4 mwaka 1912. Wakilichochea, moyo unapiga mbio, mikono inatetemeka, mtu anakonda ingawa anakula, na mara nyingine macho yanatokeza. Huo unaitwa ugonjwa wa Basedow; Graves wa Ireland aliuandika mwaka 1835. Angalieni miaka hiyo. Wakati huo chanjo ya surua haikuwapo duniani, wala ya pepopunda.

Sasa, chanjo kazi yake ni kuwaamsha askari wa mwili. Je, haiwezi kuwaamsha vibaya? Waganga wamejiuliza hivyo hivyo na wamehesabu. Katika Denmark na Uswidi walifuata wasichana karibu milioni 1, na karibu 300,000 kati yao walikuwa wamepata chanjo ya kuzuia kansa ya mlango wa kizazi. Matokeo yalitoka mwaka 2013: hawakuona ushahidi kwamba chanjo hiyo inaleta magonjwa ya namna hii. Kwa chanjo za korona, tangu 2021 waganga wa nchi mbalimbali wameandika habari za wagonjwa waliopata shida ya tezi siku au majuma machache baada ya shindano. Habari hizo ni za kweli, nami sizifichi. Lakini mtu kuugua baada ya chanjo si ushahidi kwamba ameugua kwa sababu ya chanjo. Vijidudu vyenyewe, pamoja na vile vya korona, navyo vinaweza kuwasha tezi.

Uvumi huu, kwa maoni yangu, umezaliwa katika chumba cha wazazi. Mama mwenye mimba anapigwa shindano la pepopunda, ili yeye na mtoto wasife kwa kidonda au kwa kitovu. Anajifungua. Katika mwaka wa kwanza baada ya uzazi, tezi la wanawake wengine huwaka na kuharibika, hata katika nchi ambako hakuna aliyechanjwa wakati wa mimba. Tena magonjwa haya ya askari waliokosea hushika wanawake mara nyingi zaidi kuliko wanaume. Basi mama anahesabu kwa vidole: shindano, mtoto, shingo. Anasahau kidole cha katikati.

Na kwetu Kivu rovu lina sababu nyingine kubwa tunayoijua tangu zamani: upungufu wa iodini. Mvua ya milima yetu imeosha udongo, na kilichoota humo hakina iodini ya kutosha. Katika kisiwa cha Idjwi, miaka ya 1960, waganga waliofanya kazi na taasisi ya Lwiro walikuta kaskazini ya kisiwa zaidi ya nusu ya watu wana rovu. Kusini-magharibi walikuwa wachache, ingawa iodini ilikosekana pande zote mbili. Tofauti waliyoiona ilikuwa mihogo. Mihogo michungu isiyolowekwa vizuri ina sumu, na mwili ukiigeuza sumu hiyo, inazuia tezi kushika hata ile iodini kidogo iliyopo. Waganga walitumia nini? Shindano! Si chanjo, ila mafuta yenye iodini, yanayokaa mwilini na kutoa iodini polepole kwa miaka. Ajabu ya mambo: shindano linalojulikana sana katika historia ya rovu la Kivu ni lile lililolipunguza.

Wengine wataniambia, «Sisi tunakula samaki kila siku, iodini itakosekanaje?» Samaki wa Vitshumbi ni chakula bora, nami ninawanunua. Lakini samaki wenye iodini nyingi ni wa bahari, si wa maji matamu. Chumvi ghafi, kama ile inayochimbwa Katwe ng'ambo ya ziwa, haitoshi mpaka itiwe iodini. Mkubwa anahitaji mikrogramu 150 tu kwa siku, mama mwenye mimba 250. Nunueni chumvi iliyotiwa iodini, ifunikeni, na muitie mchuzi ukikaribia kuiva. Mihogo ilowekeni siku 3 au zaidi kabla ya kuianika kwa bugari. Sombe ipondeni na kuichemsha sana.

Kuzidisha nako ni hatari. Mwaka 1996 jarida la Lancet lilitoa habari za watu wa Kivu waliopata moyo kupiga mbio baada ya chumvi yenye iodini nyingi mno kuingia. Kwa hiyo mwenye rovu la zamani lenye mafundo asinywe dawa za iodini za sokoni.

Kapita, nawe nisikilize. Mtu aliyekuwa hodari akianza kusinzia kazini, akasikia baridi wakati wenzake wanatoka jasho, sauti ikawa nzito, usimwandike mvivu. Mtume kwetu. Vilevile yule anayetetemeka mikono asishike winchi kabla hajapimwa. Kipimo ni cha damu. Kampani ingefaa kulipia usafirishaji wa damu hiyo hadi Goma. Dawa zipo: vidonge vya kila siku kwa tezi lililolegea, vingine kwa lile linalokwenda mbio. Na mgonjwa wa tezi hakatazwi chanjo za kawaida.

Kumficha mtoto kuna bei yake. Mwaka 2019 surua peke yake iliua watu zaidi ya 6,000 katika Kongo, wengi wao watoto wa chini ya miaka 5. Ni wengi kuliko waliouawa na Ebola ya Kivu na Ituri katika miaka yake yote 2.

Mwenye shingo iliyovimba, au moyo unaompiga mbio bila sababu, aje dispansari. Aje pia na kijiko kimoja cha chumvi ya nyumbani kwake. Tutaitonea dawa ya kupimia: yenye iodini itageuka rangi ya buluu mbele ya macho yake, isiyo nayo itabaki nyeupe.