Nani Aliyempa Ufunguo?

Wiki iliyopita asubuhi, wanafunzi wakiwahi namba, bodaboda iliyopakia mishikaki iliingia chini ya Fuso karibu na kituo chetu hapa Mbagala. Dereva alikuwa kijana wa miaka 15 hivi, suruali ya shule ikionekana chini ya koti. Nyuma yake walikaa watoto wawili wa shule ya msingi. Kofia ngumu ilikuwepo, imening'inizwa kwenye kioo. Watu wakatoa simu wakarekodi. Bajaji ya kuwakimbiza hospitali ilipopatikana, mmoja wa wale wadogo alikuwa haitiki tena.

Sababu tunazijua: njaa, hesabu ya kila siku, trafiki kufumba macho. Lakini kijana yule hakununua pikipiki. Yupo mtu mzima aliyempa ufunguo, kwa kuwa mtoto hadai mkataba wala habishii hesabu. Leseni hana na kwa umri huo hawezi kupewa. Ajali ikitokea, tajiri anaapa kwamba pikipiki ilichukuliwa bila ruhusa. Mwongo mkubwa! Hesabu ya jana uliipokea kwa nani?

Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Na sisi tunazidi kuwapakia.

Ndugu zangu, tuanze na abiria. Ukiona sura ya kitoto kwenye usukani, usipande. Akikuita kwa bei poa, mwambie hapana, ngoja daladala. Viongozi wa vijiwe, andikeni jina la kila dereva, namba ya pikipiki na simu ya mwenye mali. Anayemwachia mtoto deiwaka aondoke kijiweni siku hiyohiyo. Wazazi mnaowabananisha watoto watatu ili kuokoa nauli, shikeni zamu: leo mama huyu awasindikize kwa miguu, kesho baba yule. Mwenyekiti wa mtaa aitishe mkutano, mengine tutayapanga hukohuko. Polisi nao wafanye kazi waliyoapia.

Tusingoje sheria mpya, iliyopo inatosha tukiwa na haya. Na wewe mwenye pikipiki, nakusihi kama mzazi mwenzio: mnyang'anye mtoto huo ufunguo leo. Hesabu ikikosekana, na ikosekane!