Nyama imeondoka, jina limebaki

KATIKA jiji la New York, Marekani, kuna mtaa unaoitwa Meatpacking District, yaani mtaa wa wafungasha nyama. Mwaka 1900 mtaa huo ulio kando ya Mto Hudson ulikuwa na machinjio na viwanda vya nyama vipatavyo 250. Leo anayetafuta nyama huko ataipata kwenye sahani ya mgahawa, tena kwa bei ya juu.

Mabadiliko hayo hayakuja kwa siku moja. Reli ya juu iliyofunguliwa mwaka 1934 ilikuwa ikifikisha mizigo hadi ndani ya maghala. Baadaye malori yenye majokofu na maduka makubwa ya vyakula yalibadili biashara, na nyama ikawa inafungashwa mbali na mji. Treni ya mwisho ilipita mwaka 1980. Maghala yalibaki matupu na pango likashuka. Kwa kuwa pango lilikuwa nafuu, wakaingia wenye migahawa, wasanii na wenye vilabu vya usiku. Nyuma yao yakaja maduka ya mavazi ya kifahari.

Mwaka 2009 reli iliyotelekezwa ilianza kufunguliwa kuwa bustani, High Line. Mwaka 2015 makumbusho ya sanaa ya Whitney yakahamia hapo. Bei ya ardhi ikapaa.

Swali ni nani aliyevuna. Mgahawa wa Florent ulifunguliwa mwaka 1985, wakati mtaa bado unanuka damu, na ukawa miongoni mwa waliouletea wateja. Ulifungwa mwaka 2008 baada ya pango kupanda. Aliyepanda hakuwa aliyevuna, kwa sababu shamba halikuwa lake.

Wauza nyama wa jumla waliodumu muda mrefu zaidi walikuwa katika ushirika, kwenye jengo la jiji, wakiwa na mkataba wa miaka mingi. Mwaka 2024 jiji lilipotaka eneo hilo kwa ajili ya nyumba za kuishi, lilikubaliana nao. Mpangaji asiye na mkataba hupewa notisi tu.

Hapo ndipo penye funzo kwa mwenye karakana, bucha au genge katika mtaa wowote unaoanza kupendeza. Barabara mpya na wateja wapya ni neema, lakini huja na pango jipya. Mkataba wa maandishi, wa miaka ya kutosha na unaotaja kiwango cha kupandisha pango, ufanywe mapema, kabla mtaa haujapata jina. Mkulima mwenye shamba pembezoni mwa mji naye asiharakishe kuliuza kwa bei ya mahindi, wakati mnunuzi anapiga hesabu za maghorofa.

Wafanyabiashara husema mali bila daftari hupotea bila habari. Kibanda bila mkataba nacho ni hivyo hivyo.