Foleni mpakani: bila takwimu, malalamiko hubaki maneno

Kituo cha pamoja cha huduma mpakani Tunduma na Nakonde kilizinduliwa Oktoba 2019 na marais wa wakati huo wa Tanzania na Zambia, John Magufuli na Edgar Lungu. Lengo lilikuwa lori likaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Hata hivyo, foleni imebaki kilio cha wasafirishaji, na si Tunduma peke yake.

Udhaifu wa kilio hicho ni kwamba hufika mezani bila hesabu. Msafirishaji anasema lori lake limekaa siku nne, ofisa anajibu kuwa nyaraka zilitoka siku hiyo hiyo. Huenda wote wanasema kweli: mmoja anahesabu tangu lori lilipoingia kwenye foleni, mwingine tangu nyaraka zilipopokelewa. Mkutano unaishia kwenye ahadi.

Sheria haikosekani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina sheria ya mwaka 2017 ya kuondoa vikwazo visivyo vya kiforodha. Aidha, COMESA, EAC na SADC zina mfumo wa pamoja wa kupokea malalamiko kwa njia ya intaneti. Lakini lalamiko moja ni rahisi kulijibu kuwa ni bahati mbaya ya siku moja. Malori mia moja yaliyoandikwa saa zake ni vigumu kuyakana.

Kazi hiyo chama cha wasafirishaji au mawakala wa forodha kinaweza kuifanya chenyewe. Google Forms ni ya bure: unaandika maswali kwa Kiswahili, unatuma kiungo, na majibu yanajipanga kwenye jedwali. KoboToolbox nayo ina huduma ya bure, na inafaa zaidi mahali penye mtandao dhaifu, kwani majibu huhifadhiwa kwenye simu na kutumwa mtandao ukirudi.

WhatsApp iliongeza kura za maoni mwaka 2022. Ni nyepesi, lakini kwa kawaida wana kikundi huona nani amechagua nini. Inafaa kuulizia siku ya mkutano, si suala la rushwa. Dereva anayepita hapo kila wiki hatajianika.

Ubora wa matokeo hutegemea swali. "Je, maofisa wanawachelewesha?" ni swali linalotafuta jibu la ndiyo, na litatupwa. Uliza mambo manne yanayohesabika: uliingia foleni siku na saa ngapi, nyaraka zilipokelewa lini, uliruhusiwa lini, na umebeba mzigo gani. Hapo itaonekana kama kizuizi ni foleni, mzani, wakala au forodha. Wakati mwingine itaonekana kuwa ni nyaraka za mwenye mzigo mwenyewe, na hilo nalo ni faida kulijua.

Wastani nao hupotosha. Chukua mfano wa malori matano yaliyotumia saa 10, 12, 14, 16 na 148. Wastani ni saa 40, ilhali manne yalivuka ndani ya saa 16. Mwenye kulalamika atataja 40, na ofisa atataja lori lile moja. Hesabu ya haki ni ile ya katikati, saa 14, kisha lori la saa 148 lielezwe peke yake.

Jambo jingine ni nani anajibu. Kiungo kikirushwa kikundini, wenye hasira hujibu kwanza na waliovuka salama hunyamaza. Dawa ni kumweka mtu kwenye maegesho amuulize dereva wa kila lori la kumi, awe amekwama au la.

Mwisho, msikusanye majina wala namba za simu pasipo sababu. Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Namba ya gari peke yake inatosha kumtambulisha dereva, hivyo iachwe nje ya dodoso.

Wiki nne za kuhesabu kwa utaratibu huu, zikirudiwa baada ya miezi sita, zitaonyesha kama ahadi ya mkutano uliopita ilitekelezwa. Hapo ofisa hataulizwa kwa nini anachelewesha watu. Ataulizwa kwa nini saa zilizotajwa hazijapungua.