Biti ngapi? Pima sufuria, usipime mtungi

Huenda u mzazi kule Kibera au Kawangware, na umejinyima mengi ukiweka akiba chamani ili umnunulie mwanao kompyuta ya mtumba. Muuzaji anakuambia, "Hii ni ya biti 64." Kabla ya kutoa pesa, elewa maana yake.

Biti ni tarakimu moja, 0 au 1. Maikroprosesa, yaani ubongo wa kompyuta, huainishwa kwa biti inazozifanyia hesabu kwa mpigo mmoja. Idadi hiyo ni upana wa rejista, vyumba vidogo vya ndani vinavyoshika namba zinazofanyiwa kazi. Wengi huichanganya na upana wa njia inayoleta data kutoka kwenye kumbukumbu. Si lazima vipimo hivyo vilingane.

Mfikirie mama anayeuza githeri. Sufuria yake ni ya lita 40, na maji huyanunua kwa mtungi wa lita 20. Atakwenda bombani mara mbili, lakini sufuria inabaki ya lita 40. Ndivyo ilivyokuwa Intel 8088 ya mwaka 1979. Njia yake ilikuwa ya biti 8 na rejista za biti 16, kwa hivyo ni prosesa ya biti 16. Jirani yake ana sufuria ya lita 20 na huletewa mitungi miwili kwa pamoja. Hiyo ni Pentium ya mwaka 1993: njia ya biti 64, rejista za biti 32. Nayo ni ya biti 32!

Kwa nini ujali? Prosesa ya biti 32 kwa kawaida hutumia kumbukumbu isiyozidi gigabaiti 4, na Windows 11 haiikubali kamwe. Hata ya biti 64 ikiwa kuukuu mno hukataliwa, kwa hivyo uliza pia umri wake.

Mwambie muuzaji aiwashe. Katika Windows 10, fungua "Settings", "System", kisha "About", usome "System type". Ukiona "x64-based processor", prosesa ni ya biti 64. "x86-based" ni ya biti 32. Ukiona "32-bit operating system" pamoja na "x64", usiikimbie: prosesa ni ya biti 64, ila imewekewa programu ya biti 32, nayo hubadilishwa.

Kuuliza si ujinga, msomaji. Akikataa kuiwasha, shika njia uende kibanda cha pili.